Kabla ya kukalia zile stuli walijifunza kwanza kutemewa mate: Nashville, 1959 hadi 1960

Mhudumu wa Zamu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na nitaushusha kwa vipande, maana naingia zamu ya usiku saa moja.

Nimehudumia watu mezani miaka 14. Nilianzia mgahawa wa stendi, nikaja hotelini. Kwa hiyo habari za Weusi wa Marekani kudai haki zao nazisoma kwa jicho la mtu aliyesimama nyuma ya kaunta na kitambaa mkononi. Kila mada ya Martin Luther King ikiletwa humu, haipiti kurasa mbili bila mtu kuandika kwamba wale walikuwa wapole tu, walipigwa wakanyamaza mpaka wazungu wakawaonea huruma. Hilo linaniuma kwa sababu si kweli. Ule utulivu ulifundishwa. Ulifanyiwa mazoezi wiki baada ya wiki. Nitachukua mji mmoja tu, Nashville, jimbo la Tennessee.

Mjini kati kulikuwa na maduka makubwa: Woolworth, Kress, McLellan's, Harveys, Cain-Sloan. Mtu mweusi aliingia bila kizuizi, akanunua daftari, soksi, dawa ya meno, na hela yake ikapokelewa. Humohumo dukani palikuwa na kaunta ya chakula: ubao mrefu, stuli zimepangwa mstari, mhudumu upande wa pili na birika la kahawa. Hapo sasa ndipo hela ya mweusi ilipogeuka kuwa bandia. Mama ametoka na watoto tangu asubuhi, miguu imemvimba, mtoto analilia soda, stuli ziko wazi mbele yake, naye haruhusiwi kukaa hata moja.

Aliyewaandaa vijana wa Nashville aliitwa James Lawson, mhubiri wa Kimethodisti. Wakati wa vita vya Korea alikataa kwenda jeshini, akafungwa. Alipotoka akaenda India, mji wa Nagpur, kufanya kazi ya umisionari, na huko akasoma kwa kina namna Gandhi alivyowaandaa watu wake. Habari za Weusi wa Montgomery, Alabama, kususia mabasi yaliyowabagua zilimkuta hukohuko, akazisoma gazetini. Februari 1957, akiwa amerudi nyumbani, alikutana na King katika chuo cha Oberlin, Ohio. King akamsihi asingoje kumaliza masomo, aende majimbo ya Kusini mara moja. Lawson akahamia Nashville, akajiandikisha kusoma theolojia Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na mwaka 1959 akaanza mafunzo katika chumba cha chini cha kanisa la Clark Memorial.

Waliokuja wengi walikuwa wanafunzi wa vyuo vya Weusi vya pale mjini. Diane Nash, msichana wa Chicago aliyekuwa akisoma Fisk, ambaye hakuwa amewahi kukutana na choo chenye kibao cha "wanawake weusi" mpaka alipokwenda kwenye maonyesho ya jimbo la Tennessee. John Lewis, mtoto wa wakulima wa Alabama, alikuwa chuo cha uchungaji cha Wabaptisti. Bernard Lafayette na James Bevel walikuwa chuo hichohicho cha Lewis.

Sasa mazoezi yenyewe. Viti vinapangwa mstari, ndiyo kaunta. Kundi moja linakaa. Kundi la pili linajifanya wahuni wa kizungu na kuanza kazi: matusi ya kila namna, moshi wa sigara unapulizwa usoni, kiti kinavutwa mtu angali amekaa, anadondoka chini. Aliyekaa hajibu. Anafundishwa kujikunja anapopigwa, magoti kifuani, mikono ikikinga kichwa. Anafundishwa kumtazama machoni anayempiga, asimpe nafasi ya kusahau kwamba anampiga mtu. Mwenzake akizidiwa, wengine wanasogea na kujiweka katikati ili kipigo kigawanyike. Kisha wanabadilishana, aliyetukana anakaa na aliyekaa anatukana. Halafu wanakaa pamoja kuzungumza: hasira ilikupanda wapi? Kwenye tusi gani?

Sisi wahudumu siku ya kwanza kazini tunafundishwa kutabasamu mteja akikufokea. Lakini mimi nafokewa kwa sababu ya supu iliyopoa. Hawa walikuwa wanajiandaa kutulia huku mtu akiwazimia sigara mgongoni.

Naingia kazini. Kesho naendelea.

Kibatari

Naweka kambi hapa. Mkuu, hiyo ya kubadilishana nafasi, mtukanaji awe mtukanwaji, sikuwahi kuisikia popote. Maana yake walijifunza pia mtu mwenye chuki anahisi nini mdomoni mwake anapotukana. Shusha nondo.

Jabali la Usukuma

Mimi nasoma kwa heshima, lakini nitakuwa na maneno. Naona uzi huu unaelekea kuwasifu watu kwa kupigwa. Ngoja umalize.

Mhudumu wa Zamu

Nimerudi, salama. Jabali, karibu sana, maneno yako nayangoja.

Novemba na Desemba 1959 walikwenda kwanza kupima maji, Harveys na Cain-Sloan. Waliingia vikundi vidogo, wakanunua kitu, wakakaa, wakakataliwa, wakaomba kuzungumza na msimamizi, wakaondoka kwa adabu. Walitaka kujua sura halisi ya kukataliwa kabla ya kuja kwa wingi. Kabla hawajarudi, vijana wanne wa chuo cha Weusi cha A&T huko Greensboro, North Carolina, wakaketi kwenye kaunta ya Woolworth tarehe 1 Februari 1960, na habari ikasambaa Kusini kote. Sehemu nyingi vijana waliiga papo hapo. Nashville walikuwa na miezi ya mazoezi tayari.

Tarehe 13 Februari, Jumamosi, theluji chini, wanafunzi kama 124 walitoka kanisani wakatembea hadi mjini. Wamevaa kama wanaokwenda ibadani. Wakanunua vitu vidogo, kisha wakakaa kwenye kaunta za Woolworth, Kress na McLellan's. Hakuna aliyehudumiwa. Wakafungua vitabu, wakasoma masomo yao. Diane Nash alikuja kusimulia baadaye kwamba wahudumu walikuwa na woga kiasi kwamba sahani zilikuwa zikiwaponyoka na kuvunjika. Hapo nilisimama kusoma, nikaweka simu chini. Nawaona wale wasichana. Mshahara mdogo, bosi nyuma ya mgongo, na mbele kuna mtu mstaarabu anakuomba kahawa ambayo umekatazwa kumpa.

Na wale waliokaa? Nao waliogopa. Nash alisimulia kwamba alikuwa akikaa darasani viganja vikimtoka jasho, akijua saa fulani ikifika lazima waende mjini. Huyu ndiye waliyemfanya kiongozi wao, binti wa miaka 21.

Halafu kuna kisa kimoja ambacho nakirudia akilini kila mara. Kundi la vijana wa kizungu lilimvamia mwanafunzi mmoja njiani, Lawson akaenda kuingilia kati. Kiongozi wa wale vijana, aliyevaa jaketi la ngozi, akamtemea Lawson mate usoni. Lawson akamtazama, akamwomba leso. Yule kijana, kabla hajajua anafanya nini, akatoa leso mfukoni akampa. Lawson akajifuta, akamrudishia, kisha akamuuliza habari za chombo chake: ana pikipiki? Wakaanza kuzungumza pikipiki, imefungwa nini, inakwendaje. Wakati huo yule mwanafunzi aliyekuwa akipigwa ameshainuka, wote wakaendelea na safari.

Fikiria kasi ya akili inayohitajika hapo, mate yakiwa bado yanatiririka shavuni.

Fundi wa Zamani

Hilo la leso limenigusa. Mtu akishakusaidia kitu kidogo, mkono wake unakuwa mzito kukupiga. Wazee wetu wa kusuluhisha ugomvi walilijua hilo, ndiyo maana mtu akija na hasira alipewa kwanza maji ya kunywa.

Mhudumu wa Zamu

Naam, fundi.

Sasa tarehe 27 Februari. Walikuwa wameonywa kwamba siku hiyo polisi wataondoka na kuwaachia wahuni. Lewis na Lafayette walikuwa wameandika orodha ya masharti ya mwenendo, wakaigawa kwa kila anayekwenda. Lewis hakuwa na nguo ya maana, na alitaka akikamatwa akamatwe akiwa nadhifu. Akaenda duka la nguo za mitumba, akanunua suti ya dola 5, na kizibao chake. Alikuja kuwa mbunge huko Washington miaka zaidi ya 30, na mpaka uzeeni aliisimulia suti ile ya mtumba.

Walipokaa, kundi likaingia. Watu walivutwa kwenye stuli, wakapigwa mateke sakafuni, wakazimiwa sigara migongoni na kichwani, wakamwagiwa vyakula. Wazungu wachache waliokaa pamoja nao walipigwa kwa hasira zaidi, waliitwa wasaliti. Kisha polisi wakaja na kuwakamata waliokaa. Waliopiga wakaachwa. Lakini kundi la kwanza lilipopandishwa kwenye magari, kundi la pili likaingia na kukaa kwenye stuli zilezile. Wakakamatwa. La tatu likakaa. Polisi wakajikuta wanachota bahari kwa kikombe. Jumla walikamatwa 81.

Mahakamani wakili wao alikuwa Z. Alexander Looby, mzaliwa wa Antigua, diwani wa mji. Alipokuwa akitoa hoja, hakimu alimgeuzia mgongo akatazama ukutani. Wakahukumiwa faini ya dola 50 kila mmoja au jela. Nash akasimama kueleza kwamba kulipa faini hiyo ni kuuchangia udhalimu uliowakamata, kwa hiyo hawatalipa. Wakaenda kuzoa theluji na kufanya kazi za mji chini ya ulinzi. Tarehe 3 Machi Vanderbilt wakamfukuza Lawson chuoni, na walimu kadhaa wa theolojia wakajiuzulu kwa kupinga uamuzi huo.

Jabali la Usukuma

Sasa naomba niseme. Heshima kwa hao vijana, sina ubishi juu ya ujasiri wao. Lakini historia hii huwa inasimuliwa nusu. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kupigwa bomu Montgomery, King mwenyewe aliomba kibali cha kubeba bastola, akanyimwa, na nyumbani kwake silaha zilikuwepo. Robert Williams huko Monroe, North Carolina, aliwapanga watu wake na bunduki kujilinda. Mwaka 1964 Louisiana kulikuwa na kikundi cha Deacons for Defense, wanaume wazima wenye kazi zao, wanalinda mikutano usiku na bunduki. Wanaharakati wengi waliolala vijijini Mississippi walilala salama kwa sababu mwenye nyumba alikaa barazani na gobore. Ukisimulia leso bila kusimulia gobore, mtoto anayesoma hapa atadhani mnyonge anatakiwa angoje apigwe ndipo aheshimiwe.

Mhudumu wa Zamu

Jabali, ulichosema ni kweli tupu, na nashukuru umekileta. Sitakipinga kwa sababu kilitokea. Mzee anayelinda wanawe usiku barazani simhukumu.

Ila angalia kaunta. Pale kwenye kaunta bunduki ingefanya nini? Polisi, hakimu, magazeti, wote walikuwa wanangoja kisingizio kimoja tu, ngumi moja ya mtu mweusi, ili shauri libadilike kutoka "kwa nini hawahudumiwi" liwe "nani alianza fujo". Mafunzo ya Lawson yaliwanyima hicho kisingizio. Na nikuongezee: si wote waliokaa walikuwa na imani ya Lawson ya kumpenda adui. Lewis aliamini hivyo moyoni. Wengine waliichukua kama mbinu inayofaa kwa kazi ile, basi. Walikaa stuli moja, bega kwa bega, na tofauti yao hiyo.

Kuhusu kungoja kupigwa, hapana. Wao ndio waliochagua siku, duka, saa, nani akae, nani afuate. Wenye maduka ndio waliokuwa wanangoja.

Jabali la Usukuma

Hiyo hoja ya mwisho naikubali. Ile ya kisingizio naikubali nusu, maana waliokuwa hawana kosa waliuawa vilevile. Endelea.

Mama Mitindo Kariakoo

Jamani mbona hamjafika kwenye pesa? Mimi nimesoma habari za Nashville na kilichonishika ni Pasaka. Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 17 Aprili. Wiki kadhaa kabla yake, Weusi wa mji mzima wakaamua kutonunua chochote madukani mjini kati. Aliyewapigia hesabu za nguvu ya pesa yao alikuwa Vivian Henderson, mwanauchumi wa Fisk.

Niacheni niwaelezee Pasaka kwa mtu anayeuza nguo. Mimi kuanzia wiki ya tatu kabla ya sikukuu silali. Gauni za watoto, viatu vyeupe, soksi za malinda, mama anakuja na watoto wanne, kila mmoja lazima atoke kanisani na kipya. Mzigo nimeuchukua kwa mkopo. Sikukuu ikipita sijauza, lile gauni nitalitundika mpaka lipauke kwa vumbi na mkopo unadaiwa palepale. Na kwa Weusi wa Kusini Pasaka ilikuwa hivyohivyo, kila mtu kanisani na kofia mpya. Wale mama wa Nashville walipoamua watoto waende kanisani na nguo za mwaka jana, walijua wanapiga wapi. Wazungu nao wakawa hawaji mjini, wanaogopa vurugu. Maduka yakabaki na wauzaji wanatazamana.

Nataka kusema hivi: vijana walikaa kwenye stuli, lakini mama zao ndio waliokaa na pochi zimefungwa. Asiyewataja anapunja.

Mhudumu wa Zamu

Mama Mitindo, umenisaidia kipande ambacho nisingekiandika vizuri hivyo. Ahsante sana.

Katikati ya mgomo huo wa manunuzi, kamati iliyoteuliwa na meya ilileta mapendekezo ya kugawa kaunta, upande mmoja wa wazungu peke yao, upande mwingine wa yeyote, kwa majaribio. Wanafunzi wakakataa. Hawakuwa wamelala jela ili wapewe nusu ya kaunta.

Tarehe 19 Aprili, saa 11 na nusu alfajiri, bomu likatupwa nyumbani kwa wakili Looby. Yeye na mkewe walikuwa wamelala chumba cha nyuma, wakapona. Mlipuko ulivunja madirisha zaidi ya 100 ya chuo cha udaktari cha Meharry kilichokuwa ng'ambo ya barabara. Adhuhuri hiyohiyo maelfu wakaanza kutembea kwenda ofisi za mji, watatu watatu. Hawakuimba, hawakupiga kelele. Barabara nzima ikawa inasikia nyayo tu.

Meya Ben West akatoka kuwapokea ngazini. Mchungaji C. T. Vivian akasoma tamko kali, meya akapandwa na hasira, wakajibizana. Ndipo Diane Nash akaingia. Hakumfokea. Alimuuliza kama mtu: wewe, ndani ya nafsi yako, unaona ni haki kumbagua mtu kwa rangi yake peke yake? Meya akajibu kwamba haoni kuwa ni haki mtu kuuziwa bidhaa dukani kisha akanyimwa huduma. Nash akamsogeza hatua ya mwisho: basi kaunta za chakula zifunguliwe kwa wote? Akajibu ndiyo. Gazeti la kesho yake likaweka jibu hilo juu kabisa.

Kesho yake hiyo King akaja kuhutubia Fisk. Akasema hakuja kuwapa moyo, amekuja kupewa moyo na wao.

Tarehe 10 Mei 1960 maduka sita yakafungua kaunta zao. Walipatana na wenye maduka kwamba siku za mwanzo waje Weusi wachache wachache, kwa saa zinazojulikana, waagize, wale, walipe, waondoke. Hakuna sherehe, hakuna wapiga picha wengi. Migahawa mingine, hoteli na sinema ziliendelea kubagua, na mapambano yakaendelea mpaka sheria ya haki za raia iliposainiwa tarehe 2 Julai 1964. Lakini kaunta zile sita zilikuwa zimefunguka.

Mtembezi wa Church Street

Salamu kutoka Nashville kwenyewe. Nimeishi hapa miaka kadhaa, nafanya kazi ghalani usiku, mchana nikipata nafasi napenda kwenda maktaba kuu ya mji, iliyopo Church Street. Ghorofani kuna chumba maalumu cha habari hizi. Katikati kuna kaunta ya mviringo na stuli zake, unaruhusiwa kukaa, na juu ya kaunta yameandikwa yale masharti kumi ya Lewis na Lafayette. Nimekaa pale nikayanakili. Baadhi ni haya:

Usirudishe pigo wala usitukane ukitendewa vibaya. Usicheke kwa sauti. Usiondoke kitini mpaka kiongozi wako akupe ruhusa. Usizibe milango ya duka wala njia za ndani. Kuwa mwenye adabu na mchangamfu wakati wote. Kaa wima, uso uelekee kaunta daima.

Ukikaa pale, dirishani unaona njia ambazo zile kaunta zilikuwa. "Kaa wima" nililijaribu. Baada ya dakika 20 mgongo unauma, na mimi hakuna aliyekuwa akinigusa.

Nyali Mombasa

Mwanzilishi wa uzi, ahsante sana kwa kazi hii. Nataka kuweka jambo moja la kwetu. Tom Mboya alizunguka Marekani mwaka 1959 akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya. Tarehe 18 Aprili mwaka huo alihutubia vijana waliokusanyika Washington kudai shule zisizobagua rangi. Mwezi wa tano, Atlanta, jumuiya ya King ikamwandalia chakula cha jioni, na King akahutubia. Chakula hicho kiliandaliwa kwenye chuo cha Weusi, katika mji ambao wawili hao wasingeweza kuketi pamoja kwenye kaunta ya duka la mjini wakaletewa kahawa. Na Mboya alikuwa ametoka Nairobi, ambako nako zilikuwapo hoteli ambazo mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni tu. Walielewana bila mkalimani.

Mpare wa Mlimani

Na Same je, mnaijua? Bob Moses, yule wa kampeni za kuandikisha wapiga kura weusi Mississippi, mmoja wa nguzo za chama cha wanafunzi kilichozaliwa Aprili 1960 kutokana na migomo hii hii ya kaunta, alikuja Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960, akafundisha hesabu sekondari ya Same hadi 1976. Aliporudi kwao akaanzisha mradi wa kufundisha aljebra watoto wa mitaa ya kimasikini, akisema kutojua hesabu zama hizi ni sawa na kunyimwa kura zama zile. Nikipita Same na basi huwa naichungulia ile barabara ya shule.

Kibatari

Mhudumu, kuna kitu nataka kukuuliza, ukiona hakifai usijibu. Mwanzo uliandika kwamba wewe umesimama nyuma ya kaunta. Nimekusoma kurasa zote hizi na naona una lako moyoni. Ni nini?

Mhudumu wa Zamu

Nitajibu.

Mwaka wangu wa pili hotelini, nikiwa kijana, tulipewa maelekezo kwa mdomo: mtu asiyeonekana wa hadhi ya pale, mwambieni meza zimejaa. Mchana mmoja akaja mzee. Ndala, shati jeupe limefuliwa mpaka kola imelainika, mfuko wa plastiki mkononi wenye karatasi za hospitali. Akaniamkia yeye, mimi mdogo. Akasema anaomba chai tu, apumzishe miguu. Nikamwambia, "Mzee, samahani, meza zimejaa."

Nyuma yangu palikuwa na meza sita tupu. Vitambaa nilikuwa nimevikunja mwenyewe asubuhi ile, vile vya umbo la feni. Mzee akazitazama zile meza, moja moja, kisha akanitazama mimi. Akasema, "Haya mwanangu, kazi njema." Akaenda kukaa kwenye ukingo wa barabara, juani.

Hakunitukana. Angenitukana ningekwisha kumsahau. Ndiyo maana niliposoma kwamba wale wanafunzi walifundishwa kumtazama mtu machoni, sikuhitaji maelezo.

Kibatari

Nimekusoma, ndugu yangu. Ahsante kwa kuliandika.

Mwanachuo wa Mwaka wa Pili

Mkuu, swali langu ni dogo. Kwenye hizo kaunta hakukuwa na wafanyakazi weusi? Waliosha vyombo, waliopika? Wao walikuwa upande gani?

Mhudumu wa Zamu

Mdogo wangu, hilo si dogo hata kidogo.

Walikuwepo. Jikoni, kwenye sinki, kwenye meza ya kupanga chakula. Greensboro, siku ile ya kwanza vijana wanne walipokaa, mfanyakazi mweusi wa palepale kwenye kaunta aliwagombeza, kwamba wanaleta matata. Zamani nilidhani ni usaliti. Sasa nadhani ni mtu aliyeona kodi ya nyumba yake imewekwa mezani bila kuulizwa. Alipika chakula cha kaunta ile kila siku na hakuwa amewahi kukila akiwa amekaa.

Kaunta ya Woolworth ya Greensboro ilifunguliwa tarehe 25 Julai 1960, karibu miezi sita tangu wale wanne wakae. Waliotangulia kuhudumiwa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa wafanyakazi weusi wanne wa dukani humohumo. Meneja aliwaambia wavue sare, wavae nguo zao nzuri, waje mbele wakae kama wateja. Mmoja wao, Geneva Tisdale, alikaa kwenye stuli ya kaunta aliyokuwa akiifanyia kazi, akaagiza sandwichi ya mayai, mwenzake wa kazi akamletea.